Nilizifuta Diski za Mashamba, Mama Akabaki Akiiombea Mashine

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini sasa, nina wajukuu wanne, na nina jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Mniwie radhi nikisitasita...

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, mpiga chapa katika mradi mmoja wa kupima mashamba hapa Babati. Ni ile miaka ya shida, mnaikumbuka? Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na karatasi ndiyo usiseme! Shuleni watoto waliandika kwa vijiti mchangani.

Mradi ulikuwa na kompyuta moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Kazi yangu ilikuwa kuingiza fomu za mipaka na kuzihifadhi kwenye diski. Kila fomu ilikuwa na jina la mwenye shamba na alama za dole gumba za mashahidi wawili. Fomu ya shamba letu la kijiji cha Singe ilikuwemo. Baba alipoona ugonjwa umemzidi, aliliandikisha kwa jina la mama. Mashahidi walikuwa balozi wetu wa nyumba kumi na mdogo wake baba, yaani Baba mdogo. Baba akafariki. Mwaka haukuisha, balozi naye akafuata.

Fomu nilizokwisha kuingiza zilijaa kabatini. Mwalimu wa shule ya jirani akaja kuniomba, maana upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikampa zote! Kila mtu alinisifu. Si zimo kwenye mashine? Hata baraza la kijiji lililoamua kesi za mashamba lilikubali nakala ya kompyuta yenye muhuri wa mradi.

Kisha ikaja kompyuta mpya, yenye mfumo mwingine kabisa. Mtaalamu wetu wa kompyuta kutoka Arusha alinieleza kwamba diski zinafanana kwa macho tu, lakini mashine mpya haisomi kilichoandikwa na mfumo wa zamani. Alitaka mashine zote mbili zikae mezani mpaka alete programu ya kuhamishia.

Mimi nikacheka. Nilikuwa na maringo, jamani! Nikamwambia ile kuukuu inajaza meza tu, aondoke nayo. Akasita, mwishowe akaipakia garini.

"Haya, Paskalina. Lakini diski hizi usiziguse mpaka nirudi."

Petroli ikaadimika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu... mtaalamu haonekani.

Wakati huohuo Baba mdogo akaingiza maksai wake shambani kwetu. Eti shamba ni la ukoo, kaka yake hakuliandikisha popote! Baraza likatuita Ijumaa. Mama hakutishika hata kidogo. Aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko mradini na jina lake limo.

Jumatano asubuhi nikaingiza diski ya kwanza. Mashine ikasema haiitambui, ikauliza kama iiandae upya. Nilisita, lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba diski huandaliwa kwanza ndipo ifanye kazi. Nikabonyeza ndiyo. Ikanguruma, ikasema tayari. Kumbe rahisi hivi! Nikaweka ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha zote saba.

Nikatafuta jina la mama. Tupu! Nikatafuta jina lolote la Singe, la Bonga, la Mutuka. Tupu, tupu, tupu! Kumbe kuiandaa diski upya ni kufuta kila kilichomo!

Nikakimbilia shuleni. Fomu zilikuwa zimeshonwa kuwa madaftari, mengine yamekwisha kutupwa, mengine yanafungia karanga sokoni. Nilichakura jalala kwa mikono yangu. Nikapata fomu moja ya mtu wa Bonga, nyuma yake hesabu za kujumlisha. Ya mama sikuipata.

Barazani Baba mdogo alisimama, akainua dole gumba mbele ya watu wote. "Shemeji, nionyeshe nilipoliweka hili."

Mama akanigeukia mimi. Nikainamisha kichwa, nikasema mashine inaumwa.

Shamba likaenda, pamoja na nyumba yetu iliyokuwemo. Siku tisa baadaye mtaalamu akarudi na programu yake mkononi. Alizitazama diski, akanitazama, akaelewa. Akaniambia kwamba fomu ya mama aliiona kwa macho yake na yuko tayari kulieleza baraza, ila lazima kwanza mimi niseme nilichokifanya.

Nikakataa! Niliogopa kufukuzwa kazi. Je, kuna mtoto mbaya kuliko huyo? Mama akapanga chumba Mutuka, na msimu uliofuata akalima kibarua kwenye shamba lake mwenyewe. Mshahara wangu niliendelea kuupokea.

Na mama, masikini, aliniamini. Kila Jumapili kanisani alimwomba Mungu aiponye ile mashine, isaidie na wengine ambao majina yao yalikuwa humo. Mimi niko pembeni yake naitikia amina.

Ninyi mnaobadili simu na kompyuta kila mara, nawasihi sana: ya zamani isiondoke mezani kabla ya mpya kusoma kila kitu. Na ukiharibu, sema siku ileile, hata kama kazi itakwenda. Kazi nyingine utapata. Mimi niliendelea kungoja siku nzuri ya kusema, na siku hiyo haikufika...

Mama alipokuwa mahututi, alinishika mkono akaniuliza kama mashine ilishapona.

Nikamwambia, "Bado, mama."

Akasema, "Basi usichoke kuiombea."