Tonge la Rosaline

"Jasusi Nangila, sufuria iko motoni."

Sauti asiyoijua. Simu ikakatika.

Nangila akakanyaga mafuta. Gari lake, Probox, likaruka matuta ya Kiminini. Mbele yake Kimotho, mlanguzi wa mbegu, alikuwa anakata mbio kuingia Kitale na pikipiki.

Probox ikamgonga ubavuni.

Kimotho akalala mtaroni, bastola ya Nangila, Glock, ikimtazama.

"Ule unga uliosagwa kwa mbegu zenye dawa ya sumu uko wapi?"

"Bungoma. Kanisani kwenu. Saa hii wanasonga ugali."

Mpishi wa kanisa alikuwa Rosaline, mamake Nangila. Na mpishi huonja tonge la kwanza kabla ya wageni.

"Piga simu basi," Kimotho akacheka. "Si pasta wenu huweka simu zote kwa kikapu mpaka ibada iishe?"

Kweli. Na askari waliotumwa kanisani walikuwa wamekwama Webuye, nyuma ya trela iliyoanguka.

Ilibaki tableti ya jikoni mwa kanisa. Ilikuwa na ukurasa wa ushirika: waumini wa Kitale wakiandika, wa Bungoma wanaona papo hapo. Gichuki, fundi wa kompyuta wa Kitale, aliujenga kwa kuunganisha vipande vya programu huria, zile watu hutengeneza na kuwaachia wengine bure.

Nangila akashika redio.

"Gichuki, andika ugali una sumu!"

"Nimeandika mara tatu, madam. Hawajibu."

Kimotho akatema damu. "Kile kipande cha kuunganisha Kitale na Bungoma, mimi nilimpatia. Akaninunulia hata chai."

"Gichuki! Ulikisoma?"

"Alikuwa mtu mpole, bana..."

"Kisome!"

Redioni vidole vya Gichuki vikagonga vitufe.

"Mungu wangu. Maneno yetu yanazunguka hapa tu. Hayavuki."

"Kitoe."

"Nikitoa, ukurasa wote unaanguka!"

"Si kile cha asili, kabla Kimotho hajakichezea, kiko wazi kwa kila mtu? Kirudishe!"

"Navuta. Mtandao unakufa... unakufa..."

Nangila akafumba macho. Akaona mkono wa mamake ukifinyanga tonge.

Mama, ngoja. Ngoja kidogo.

"Kimeshika!"

Kwenye simu ya Nangila ukurasa ukafunguka. Akaandika: MAMA USIONJE. UGALI NI SUMU.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu.

Kisha herufi zikaanza kuja kutoka Bungoma, moja moja, za mtu anayetumia kidole kimoja.

"Tonge lilikuwa mdomoni. Nimetema. Nasukutua. Sufuria tumemwaga. Kuku nayo?"

Nangila akapumua.

"Kuku kuleni. Lakini uende hospitali kwanza."

Akamfunga Kimotho pingu kwenye pikipiki yake mwenyewe, akajipangusa vumbi la sketi, akaenda zake kutafuta chai.

Hiyo alilipa mwenyewe.