Kiraka cha Begani

Mdogo wangu Odette aliupenda mwezi wa Oktoba kuliko Krismasi. Huku kwetu kaskazini ya jimbo la Maine ni mwezi wa haraka. Miti inakuwa myekundu, unageuka kidogo, upepo umeshaivua yote. Odette hakutaka jani limpite. Alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo: barafu nyembamba kama kioo juu ya ndoo ya kuku, buibui aliyehamia ndani ya kisanduku cha barua, harufu ya matufaha yanayooza chini ya mti wa jirani. Alikuwa akinipigia simu asubuhi kuniambia bata bukini wamepita juu ya paa lake, na wa mwisho amechelewa kama mtoto wa shule. Mimi nilicheka tu, nikaendelea na vyombo.

Jioni zao nilizijua pia. Mumewe, Lyle Pelkey, alikuwa mkata magogo. Akirudi walikula, wakawasha jiko la kuni, wakakaa kwenye kochi na bakuli la bisi, wakaangalia filamu ya kutisha. Kila jioni filamu moja, mwezi mzima. Lyle, mtu mwenye mabega kama mlango, ndiye aliyefunika macho. Odette alishona. Alisema mikono ikiwa na kazi, moyo hauruki.

Mwaka huo walikuwa wamehamia nyumba ya marehemu Hester Colby, bibi aliyeishi peke yake ukingoni mwa msitu. Darini Odette alikuta blanketi la viraka ambalo halikuwa limemalizika. Vyote vilikuwa vipande vya nguo zilizovaliwa na watu: kola ya shati, mfuko wa aproni, goti la suruali. Sindano ilikuwa bado imechomekwa ukingoni, ina uzi mweupe. Mtu mwingine angelitupa. Odette alilifua, akalianika, akaanza kulimalizia mbele ya televisheni.

Lyle alimtania kwamba bibi wa watu atakuja kudai kazi yake. Odette akamwambia akija atapewa bisi kama wengine.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Kisha Lyle akaanza kulalamika kwamba bega la kushoto linamvuta. Haliumi, alisema. Linavuta tu, kama mtoto anayetaka umsikilize. Odette alimpaka dawa, akamkanda. Hakuona kitu juu ya ngozi.

Lakini kwenye blanketi aliona. Alivijua viraka vyote alivyoviongeza kwa mkono wake. Jumamosi ile, akiwa amelitandaza mezani penye mwanga, alikuta kimoja asichokijua. Flaneli ya mirabamiraba, kahawia na nyeusi. Mishono midogo, imenyooka, mizuri kuliko yake.

Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akalishusha shati la kazi la Lyle. Begani, upande wa kushoto, palikuwa na tundu la mraba.

Hakumwambia mumewe. Aliniambia mimi, na mimi nikamwambia labda ni panya. Halafu akaniuliza, taratibu, kama panya wa kwangu wanajua kukata mraba.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alasiri waliwasha filamu mapema, maana giza lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba. Blanketi Odette alikuwa amelificha kabatini. Ilikuwa filamu ya kawaida yao: nyumba, ngazi, mlango usiotakiwa kufunguliwa. Msichana akaufungua. Taa ya kule ndani ya filamu ikazimika, na kioo chote cha televisheni kikawa cheusi.

Kwenye weusi ule wakajiona wenyewe. Kochi. Bakuli la bisi. Odette, na Lyle pembeni yake.

Na nyuma yao, kwenye kiti kilicho kando ya jiko, mtu ameinama anashona.

Mkono wake ulipanda. Ukashuka. Ukapanda.

"Na wewe umeona?" Odette alinong'ona.

"Nimeona," Lyle akasema. "Usigeuke, mke wangu."

Filamu ikarudi na mwanga wake. Walikaa hivyo hivyo mpaka ikaisha, hawakuelewa hata neno moja. Walipogeuka hatimaye, kiti kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa juu yake, limekunjwa.

Jumatatu Lyle alikwenda msituni kama kawaida, kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu mchana ulikuwa na jua na mambo ya jana yalionekana ya kijinga. Odette hakuyaona ya kijinga. Alikaa dirishani na wembe, blanketi magotini, akaanza kukifumua kile kiraka cha flaneli. Alitaka kukitoa, akirudishe kwenye shati, halafu vyote vingine viingie motoni.

Uzi ulikuwa mgumu. Alikata mshono mmoja mmoja. Upande wa juu ukaachia. Wa kulia ukaachia. Wa chini ukaachia, na kiraka kikaning'inia kama mlango mdogo.

Simu ikalia.

Alikuwa Armand, mwenzake Lyle wa kazini. Alisema Lyle ameumia bega na damu haikomi. Odette akauliza kama ni msumeno. Armand akasema hapana, msumeno ulikuwa umezimwa. Lyle alikuwa amekaa juu ya gogo anakula mkate. Bega lilifunguka tu.

"Limefunguka vipi?"

"Kama kifuniko, Odette. Sijui nikwambieje. Pande tatu."

Hakukata simu. Aliidondosha. Alichukua sindano ile ile, akaanza kushona. Alijichoma, akaendelea. Mishono ikaenda upande, mirefu, mibovu, kama ya mtoto anayejifunza. Chini. Kulia. Juu. Alipofunga fundo la mwisho aliinua simu sakafuni, akamsikia Armand akihema.

"Imekoma," Armand alisema. "Damu imekoma yenyewe."

Mimi ndiye niliyempeleka Odette hospitali. Njiani alikuwa amelipakata blanketi kama mtoto mgonjwa. Lyle tulimkuta kitandani, mweupe, anajaribu kutabasamu. Aliniambia, "Shemeji, umekuja kuniona nilivyo mrembo." Daktari, mwanamke mpole mwenye haraka, alituuliza nani alimshona kule msituni. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba kazi ni mbaya lakini imeokoa maisha, na kwamba huo uzi si wa hospitali.

Armand alikuwa amesimama mlangoni na koti lenye damu. Aliapa hakuna aliyemgusa Lyle kwa sindano.

Nililiangalia bega. Uzi mweupe wa pamba. Mishono imekwenda upande, mirefu, mibovu. Odette aliiangalia mara moja, akatoka nje.

Nyumba ile waliiacha kabla ya theluji. Siku hizi wanaishi mjini, juu ya duka la viatu, na Lyle anaendesha gari la kuzoa theluji, kazi ambayo haichoshi bega sana. Filamu hawaangalii. Odette hajashika sindano tena. Hata kifungo kikikatika ananiletea mimi.

Lakini blanketi hawakuweza kulichoma. Utalichomaje, na kiraka cha mumeo kimo? Hata kulifua waliogopa. Kwao kuna paka wenye kucha, kwa hiyo wakaliacha kwangu, ndani ya sanduku la mwerezi ambalo nondo hawaingii. Mara moja kwa mwaka nalitoa, nalianika kidogo, nalirudisha. Wakati mwingine navitazama viraka vingine vyote, vile vya bibi Hester. Gauni la maua. Kola ya shati. Goti la suruali ya kodrai ya kijani. Nimeuliza mjini kwa ujanja ujanja. Hakuna anayejua ni nguo za nani, wala sijui kama wenyewe wako hai.

Leo asubuhi nimelitoa. Jua lilikuwa zuri, majani yalikuwa yanaanguka. Kwenye ile kodrai ya kijani kuna tundu, dogo, pembe zake zimekatika vizuri. Nimetafuta nondo sandukuni, hakuna.

Pembeni ya tundu kitambaa kimelowa damu.

Nimegusa kwa kidole. Bado ni ya moto.