Mchicha Juu ya Marobota

Kila asubuhi fundi betri alianza kazi uani, hatua tano kutoka mlango wa jikoni. Alivunja betri za magari zilizokufa. Maji yake makali aliyamwaga kando ya ukuta. Vipande vya ndani, vizito na vyeusi, aliviyeyusha kwenye sufuria kuukuu.

Mkewe alilima mchicha kando ya ukuta huohuo. Ulikuwa mchicha wa kutamanisha.

Binti yao, kitindamimba, alikuwa na miaka sita. Dada zake walishaolewa, basi yeye ndiye aliyekuwa kelele ya nyumba. Mwaka ule kelele ikapungua. Tumbo lilimuuma. Chakula alikisukuma pembeni. Ukimtuma kikombe, alifika jikoni akasimama tu, asijue kilichompeleka.

"Ana minyoo," alisema baba. Wakampa dawa ya minyoo.

"Ni joto," alisema mama. Wakamlaza mchana.

Hali ikawa ileile. Wakampeleka zahanati. Muuguzi alimtoa damu, na baada ya wiki akawaita wazazi wote wawili. Akafunga mlango.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Fundi betri."

"Wapi?"

"Nyumbani. Uani."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Damu ya mtoto ina madini ya risasi. Ndiyo hayo unayoyeyusha. Moshi wake na vumbi lake vimeingia kwenye udongo wenu. Mtoto anacheza chini, kisha anatia mkono mdomoni."

"Mbona mimi ni mzima?"

"Nawe tutakupima. Lakini mtoto huumia upesi zaidi. Ubongo wake bado unakua."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na mchicha wangu?"

"Umeota kwenye udongo huo?"

"Miaka minne sasa."

"Msiule tena, mama. Ukiosha, vumbi la juu litatoka. Risasi iliyoingia ndani ya majani haitoki, hata ukipika."

Walipofika nyumbani, mama aling'oa mchicha wote, shina kwa shina, akautia kwenye gunia.

"Nimemlisha mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

"Mwenye kosa ni mimi," mumewe akajibu. "Usijibebeshe."

Mama akafunga mdomo wa gunia.

Fundi aliacha betri. Alipata kibarua cha kuchomelea milango, mbali na nyumbani. Walifunika ua kwa kokoto. Ndani walipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, vumbi lisipeperuke. Mtoto alinawa mikono kila alipoingia. Muuguzi alitaka anywe maziwa, ale maharage na mboga za majani. Lakini mboga za sokoni hazikupatikana kila siku, na nyumba ilikuwa kimya kama ya matanga.

Jirani yao aliitwa Mama Farasi, kwa kuwa alifagia zizi la farasi. Jina halikumkera. "Farasi wangu hawanijibu jeuri," alikuwa akisema. "Watu wa kwenu je?" Siku moja alikuja akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na marobota mawili ya mabua ya ngano, yamefungwa kwa kamba.

"Mdogo wangu, utalima humu," alimwambia mama.

"Kwenye majani makavu? Dada, usinitanie."

"Sikutanii. Huna haja ya udongo wako. Mabua haya hayakupuliziwa dawa ya kuua magugu, nimeuliza. Yangekuwa yamepuliziwa, mboga zingekufa."

Walitandika turubai mbele ya nyumba, mbali na pale betri zilipovunjwa. Wakaweka marobota, ncha zilizokatwa zikiangalia juu, kamba zikibaki ubavuni.

"Siku tatu, maji tu, mpaka yalowe kabisa," alisema Mama Farasi. "Siku tatu zinazofuata, nusu kikombe cha mbolea ya yurea kwa kila robota, kila siku, na maji juu yake. Kisha robo kikombe, siku tatu tena. Ndani yataanza kuoza na kupata moto. Usipande mpaka moto upoe."

Mama hakuweza kungoja. Siku ya saba alipanda miche kumi ya mchicha. Kesho yake yote ilikuwa imelala, mizizi imeiva kama imechemshwa.

"Hata mabua yamenikataa," alisema, akaketi kizingitini akalia.

Mama Farasi alimshika mkono, akauzamisha katikati ya robota. Mama akauchomoa upesi.

"Umeona? Huo ndio moto niliokuambia. Mabua hayajakukataa. Umeyawahi. Maliza yurea, endelea na maji. Ukitia mkono usisikie joto kupita la mwili wako, panda."

Zilipita siku nane. Safari hii mama alipima kila asubuhi. Kisha alichimba vishimo, akatia samadi iliyooza vizuri kutoka zizini, akapanda miche mipya. Alimwagilia kila siku, kwa kuwa mabua hukauka haraka. Baada ya mwezi, marobota yalifunikwa na majani mabichi.

Miezi sita baadaye walirudi zahanati. Muuguzi alisoma karatasi mara mbili.

"Risasi imepungua sana," alisema. "Mmefanya kazi."

"Basi atakuwa kama zamani?" aliuliza fundi.

Muuguzi aliikunja karatasi. "Tumbo limepona. Damu itaendelea kusafika. Lakini kichwani, kilichoharibika huenda kisirudi chote. Atajifunza, ila polepole. Msimharakishe."

Jioni hiyo mtoto alitaka kuchuma mboga mwenyewe. Baba alimshikia bakuli. Mtoto alichuma jani moja moja, akihesabu. Alifika saba, akakwama. Akamtazama baba yake.

"Anza tena, mwanangu," alisema fundi. "Mimi nipo."

Akaanza tena kwenye moja.