Kiganja Sikioni

Zamani benchi la Kinyozi lilikuwa na watu. Anayeingia alisalimu na benchi zima likaitikia, kisha ubishi ukaendelea pale ulipoishia. Siku hizi anayeingia ananyanyua nyusi tu, simu sikioni, anamgombeza mkewe mbele ya watu asiowajua hata kwa sura. Kinyozi naye aliacha kuuliza zamu ni ya nani, maana nani atamsikia? Akimaliza kichwa kimoja, anaita kingine kwa kidole.

Ndiyo maana yule wa mwisho wa benchi alikaa siku tatu bila kushtukiwa. Kila siku alikuja asubuhi, akanong'ona, akaondoka na nywele zake. Siku ya nne Kinyozi alimwita kwa kidole. Mtu yule akatabasamu, akaendelea kunong'ona, na hapo Kinyozi akaona kwamba hana simu. Alikuwa na kiganja kitupu, kimebandikwa sikioni. Duka likanuka nywele zilizoungua, na mashine ilikuwa imezimwa.

Kinyozi alimwona kichaa, akageukia kioo. Simu yake ikaita. Mikono ina povu, akaiweka kwenye spika kama kawaida yake.

"Mume wangu, mlango unagongwa tena," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Nikichungulia sioni mtu. Na mtoto bado anachemka."

Mtoto wao alikuwa na miezi mitano, na homa ilikuwa ya siku ya pili.

"Nitamtuma muuguzi. Usimfungulie mtu yeyote mpaka nikupigie mimi mwenyewe. Umesikia?"

Duka zima lilisikia, na hakuna aliyeinua uso.

Alikuwa amekamata wembe, anamchonga mteja ndevu za shingoni, harufu ile ikizidi, ndipo nyuma yake, kule mwisho wa benchi, akaisikia sauti yake mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wake wa mafua, ikisema taratibu, "Mke wangu, mfungulie. Huyo ndiye niliyemtuma."

Aligeuka. Mwisho wa benchi palikuwa patupu.

"Jamani, mmemwona aliyekaa hapa?"

Mmoja alimwonyesha mkono: subiri, naongea. Wengine hawakumsikia.

Alimpigia mkewe. Namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ikapokelewa.

"Mbona unapiga tena? Si umesema nimfungulie? Ameingia bila hata salamu, amekaa karibu na kitanda, kiganja sikioni. Na mbona nyumba inanuka nywele zilizoungua?"

"Mchukue mtoto utoke! Toka sasa hivi!"

Benchi zima liliongea, kila mtu na wake. Kinyozi aliziba sikio la pili ili amsikie mkewe.

"Anamwita mtoto kwa kidole," mkewe alinong'ona. "Mume wangu... mtoto ameshuka kitandani. Anatembea. Anamwendea."