Bibi Thackersgill

Sokoni katika jiji la Bradford, Jumamosi, watu wakisukumana kugombea samaki wa bei ya chini, kiwiko cha Clifford kilimwaga chai kwenye koti la kijani la mwanamke mmoja.

"Koti langu la kanisani, we baba!"

"Samahani, bibie. Naitwa Clifford Thackersgill, nitalipa dobi."

"Jina lote hilo! Ukimaliza kujitambulisha doa litakuwa limeshakauka."

Aliitwa Noreen. Alicheka, na Clifford, kapera mwenye mvi, akamwalika chakula. Wakila pai ya nyama na njegere za kuponda, alimsimulia asili ya jina lake. Thackersgill maana yake korongo la mwezekaji wa mapaa. Kilikuwa kijiji cha babu zake huko milimani. Wakubwa wa jiji walitaka maji ya viwanda vyao, wakajenga bwawa, wakakizamisha pamoja na kanisa na makaburi. Nani angewauliza? Watu walitawanyika, wakaisha. Jina limebaki kwake peke yake.

Kiangazi maji yaliposhuka, alimpeleka bwawani. Ngazi za kanisa zilikuwa zimeibuka kwenye tope lililopasuka. Akapiga goti hapo.

"Nichukue mimi, Noreen, na jina langu."

"Wewe nakutaka, Cliff. Jina, hapana."

Hakueleza. Clifford alishuka mlima bila kumshika mkono, akiamini jina la wazee wake linamtia Noreen aibu. Simu za Noreen hakupokea tena, mpaka majani yakadondoka, mpaka theluji ikaanguka. Ndipo akapokea moja.

"Bado umenuna, mzee wa korongo?"

"Uko wapi?"

"Hospitali. Kwenye korido, tangu jana. Vitanda hakuna." Alikohoa sana. "Kifua hiki kilikuwa kinaniua kitambo, Cliff. Wamenipanga foleni ya daktari bingwa toka Machi. Jina lenye mtu mmoja, nilichukue ili nife nalo?"

"Mjinga we! Ungeniambia."

"Ungenihurumia. Mimi nilitaka kupendwa."

Clifford alikimbilia hospitali, na kasisi akawafungisha ndoa palepale koridoni. Noreen alivaa koti la kijani juu ya gauni la wagonjwa, doa la chai bado kifuani.

"Bibi Thackersgill?" nesi aliita.

"Abee! Ita tena, mpenzi."

Alikufa Jumatano. Daktari bingwa alipata nafasi ya kumwona Alhamisi.

Mwili ulipochomwa, Clifford aliomba amwage majivu yake bwawani. Ofisi ya maji ikakataa.

"Watu wanakunywa maji yale, bwana."

"Na wazee wangu mliowaacha mle chini, hamwanywi?"

Akayazika majivu makaburini mjini. Mchonga jiwe la kaburi alikuna kichwa. "Jina refu hili, mzee. Tufupishe?"

"Chonga lote," Clifford alisema. "Na chini yake uache nafasi yangu."