Mama Pacha Yuko Nyumba Gani?

Fundi viatu hakujua mke wake yuko wapi. Nchi aliijua. Mji aliusikia mara moja. Lakini mtaa gani, nyumba gani, kwa nani, hakujua. Na simu ya mkewe ilikuwa imezimwa wiki ya tatu sasa.

Kila asubuhi alifungua kibanda chake kando ya barabara kama kawaida. Kwenye ubao wa kibanda aliandika zamani namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama viganja. Alikaa chini ya ubao huo, akapaka gundi, akashona soli. Mikono ilifanya kazi, roho haikuwepo. Simu aliiweka pajani ili ikilia aidake.

"Fundi," mteja mmoja alimwambia, "kisigino hiki umekigongea mbele. Unataka nitembee kinyumenyume?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Lete nirekebishe."

"Shemeji hajarudi tu kutoka kwa shangazi yake mgonjwa?"

"Bado."

"Miezi minne! Huyo shangazi anaumwa au anazaliwa upya?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, akainamia kisigino. Hapakuwa na shangazi mgonjwa. Mama Pacha alikuwa amepanda ndege kwenda nchi ya mbali kulea mtoto wa watu kwa miaka miwili. Walitaka kuezeka nyumba yao na kuwasomesha pacha wao wawili wenye umri wa miaka mitano.

Safari ilipangwa na mtu aliyejiita Mjomba Tiketi. Alinukia manukato na viatu vyake vilikuwa vipya siku zote. Fundi alipaswa kujiuliza: mtu anayesema anazunguka ofisi zote za mji, mbona soli zake hazichakai?

"Safari haitangazwi," Mjomba Tiketi aliwaambia. "Watu wana kijicho. Mkifungua mdomo, viza inakwama."

Bibi, mama yake fundi, aliunga mkono. "Kweli kabisa. Mdomo na ufungwe." Aliuza cherehani yake ili gharama zilipwe, na jirani walipouliza mbona cherehani hailii, alisema imeharibika.

Wakafunga midomo. Mama Pacha alipewa karatasi uwanja wa ndege, dakika za mwisho, imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Akatia sahihi. Miezi ile ya kwanza alituma ujumbe wa sauti mara mojamoja. Wa mwisho ulikuwa mfupi: "Baba Pacha, mtoto ni mzuri, ananipenda. Ila nalala jikoni. Bosi anakuja, nitakupigia."

Hakupiga. Mjomba Tiketi kwanza alisema mtandao unasumbua. Halafu akaacha kupokea simu. Fundi alipokwenda ofisini kwake alikuta panauzwa nywele za bandia.

Basi hofu ikahamia nyumbani kwao. Ilikaa nao mezani. Bibi alikuwa akianza sentensi na kuiacha katikati. Pacha mdogo aliacha kula mpaka awekewe sahani ya mama yake pembeni.

Ukuta mmoja tu ulitenganisha nyumba yao na ya jirani aliyeitwa Dada Sanduku. Jina hilo alipewa aliporudi kutoka nje na sanduku kubwa ambalo mpaka leo liko juu ya kabati lake. Alikuwa amefanya kazi ya yaya ughaibuni kwa miaka sita. Sasa alilea watoto wa mtaa mchana, wakati wazazi wao wako kazini. Pacha walishinda kwake kila siku.

Siku moja alifika kibandani ameshika ndala iliyokatika mkanda.

"Kaka, nishonee hii. Halafu uniambie Mama Pacha yuko nchi gani."

Sindano ilimchoma fundi kidole.

"Yuko kwa shangazi yake, dada. Anaumwa sana."

"Shangazi yake tulimzika mwaka juzi. Mimi ndiye niliyeosha vyombo vya msiba." Akavuta kigoda, akaketi. "Mwanao mdogo leo kachora ndege, akaniambia, 'Mama yumo humu, hawezi kutoka.' Sema kweli."

Fundi alisema kweli. Alisema yote, huku akiifinyangafinyanga ile ndala kama kitambaa. Alipomaliza, Dada Sanduku hakumpa pole. Alianza kumuuliza.

"Mkataba uko wapi?"

"Alikwenda nao."

"Nakala yake?"

"Hatuna."

"Nakala ya pasipoti?"

"Hatuna, dada."

"Mwajiri anaitwa nani?"

"Anamwita bosi."

"Viza yake ni ya kazi au ya matembezi?"

"Kwani si viza ni viza?"

"Siyo! Mwenye viza ya kazi anatambuliwa kuwa mfanyakazi. Ana saa zake, siku yake ya mapumziko, mshahara wake. Akidhulumiwa ana pa kushitaki. Mwenye viza ya matembezi kwenye karatasi ni mgeni tu. Siku za viza zikiisha, anaogopa hata kumwona polisi. Na bosi mbaya anaijua hofu hiyo, anaitumia." Akatikisa kichwa. "Naishi ukuta mmoja na nyinyi. Nasikia hata Bibi akikohoa. Mbona hamkuniuliza?"

"Mjomba Tiketi alisema tusitangaze."

"Lazima aseme hivyo! Safari isiyojulikana na mtu, hata mtu akipotea hakuna wa kumtafuta. Mficha uchi hazai, kaka."

Fundi alikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kulitoa nje. Akalitoa.

"Dada, wapo wanaorudi kwenye jeneza?"

"Wapo," alisema Dada Sanduku. "Ndiyo maana tunaanza leo. Funga kibanda."

Walikwenda ofisi ya kazi. Ofisa alitafuta jina la Mjomba Tiketi kati ya mawakala wenye leseni. Halikuwemo. "Kuja kuuliza hapa ni bure," alisema. "Ungeuliza kabla." Aliwapeleka polisi kuandikisha maelezo, kisha wizara inayohusika na mambo ya nje. Huko waliandika kwa ubalozi wao katika nchi ile. Jibu lilikuja haraka, nalo lilimkata fundi maini: ubalozi uko tayari kumfuata, lakini anaishi wapi? Mji ule una milango mingi, hawawezi kubisha yote.

"Akipiga simu," Dada Sanduku alimwonya, "usilie. Usimgombeze. Usimwulize habari za pesa. Mwulize anaona nini dirishani."

Siku zikaenda. Kila namba ngeni fundi aliidaka kabla haijalia mara ya pili. Mmoja alitaka kumuuzia gundi. Mwingine alikosea namba.

Halafu mchana mmoja simu ililia kwa namba ndefu. Fundi alipokea, akasikia sauti ya mkewe. Mkewe alikuwa anaimba.

"Lala mtoto lala... Baba Pacha usiseme kwa nguvu... bosi yuko bafuni, lala..."

Fundi alikimbia na simu sikioni na kiatu cha mteja mkononi mpaka nyumba ya jirani. Dada Sanduku aliichukua simu, akafungua spika, akashika chaki mbele ya ubao wa watoto.

"Imba hivyohivyo, mdogo wangu," alinong'ona. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ghorofa ya nne, lala... mlango wa kumi na saba, lala..."

"Chini kuna nini?"

"Kuna duka la dawa, taa ya kijani... kituo cha basi mbele yake, basi la hamsini na mbili, lala mtoto lala..."

Chaki ililia ubaoni. Watoto waliacha kucheza. Pacha mkubwa aliijua sauti. Bibi, aliyekuja mbio bila viatu, alimziba mdomo kwa kiganja.

"Pasipoti?"

"Kabatini kwa bosi... simu yangu pia... hii ni yake, mtoto ameniletea..."

"Umeumia?"

Wimbo ulisimama kidogo. "Mkono, mafuta ya moto... nafanya kazi nyumba mbili, hii na ya dada yake... mniondoe, lala, mniondoe..."

Kwa mbali mlango ulifunguliwa. Simu ikakatika.

Fundi aliuangalia ubao. Maneno machache ya chaki, ndiyo yote aliyokuwa nayo ya mkewe.

"Namba yako ameijuaje bila simu yake?" Dada Sanduku aliuliza.

"Ubao wa kibanda," alisema fundi. "Alikuwa ananiletea chakula kila siku, anaisoma."

"Basi huo ubao usiufute mpaka ufe."

Ujumbe ulikwenda ubalozini saa ileile. Kisha ikaja sehemu mbaya kuliko zote, ya kungoja. Je, bosi alimkuta na simu? Alimfanya nini? Je, walimhamisha? Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya kibanda alidhani linaleta habari ya msiba.

Siku ya tatu ubalozi ulipiga. "Tumempata," ilisema sauti ya mwanamke. "Mzima. Yuko hapa ubalozini. Ongea naye."

Maofisa wa ubalozi walikwenda na wakaguzi wa kazi wa nchi ile. Bosi alisema huyo ni mgeni wao, amekuja kutembea. Wakaguzi walitazama godoro la jikoni na mkono ulioungua. Pasipoti ilitoka kabatini.

Mama Pacha alirudi amekonda. Pacha mkubwa alimrukia. Pacha mdogo alijificha nyuma ya Bibi, akachungulia.

Mwaka ulipita. Jioni moja Mama Pacha alisema, "Nataka kwenda tena."

Nyundo ilimtoka fundi mkononi. "Wewe una wazimu?"

"Sina. Kazi haikuwa mbaya. Yule mtoto nilimlea vizuri, mpaka leo namkumbuka. Njia tuliyopita ndiyo mbaya. Na nyumba bado haina bati."

"Mimi siwezi kungoja simu tena vile, mke wangu. Nitakufa."

"Basi twende kwa Dada Sanduku. Akisema hapana, nakaa."

Safari hii walibisha hodi kwanza. Dada Sanduku hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tupite pote, hatua kwa hatua. Mahali pakiwa na giza, tunaacha."

Waliomba ofisi ya kazi wakala mwenye leseni. Wakala aliwaunganisha na mwajiri kwa simu ya picha, na Dada Sanduku alikaa kando. Mwajiri, mama wa watoto wawili, alimuuliza Mama Pacha maswali mengi. Alipomaliza, Dada Sanduku alimfinya Mama Pacha pajani. "Na wewe uliza. Ukiona haya hapa, utalia kule."

Mama Pacha aliuliza. Watoto wana umri gani? Kuna chakula kinachowadhuru? Nikiugua nani ananitibu? Kazi inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Napumzika siku gani? Nioneshe nitakapolala. Yule mama alizungusha simu, wakaona chumba kidogo chenye kitanda na dirisha.

"Mlango una ufunguo?" Bibi alidakia kutoka nyuma. "Mwulizeni ufunguo!"

Ufunguo ulikuwepo.

Mkataba ulikuja kwa lugha mbili, na waliusoma nyumbani kwa wiki nzima. Ulitaja jina la mwajiri, anwani, mshahara, na nani analipa tiketi ya kurudi. Viza ilikuwa ya kazi. Nakala moja alibaki nayo fundi, nyingine Dada Sanduku. Namba ya ubalozi Mama Pacha aliikariri pamoja na ile ya ubao. Wakapatana neno pia: akisema "nimesahau mwavuli," maana yake mambo ni mabaya, piga simu ubalozini.

Halafu wakatangaza. Mtaa mzima ulijua nchi, mji, mtaa na namba ya nyumba.

"Safari hii shangazi gani anaumwa?" yule mteja alitania.

"Hakuna," alisema fundi. "Mke wangu anakwenda kulea watoto. Anwani hii hapa, nawe iandike."

Aliogopa siku zote za miaka ile miwili. Lakini kila siku ya mapumziko simu ililia, na Mama Pacha aliwaonesha pacha dirisha lake na ufunguo wake. Pasipoti alikaa nayo mwenyewe. Hakusahau mwavuli hata mara moja. Mkataba ulipoisha alirudi, na sasa mvua ikinyesha wanaisikia juu ya bati lao.

Ile safari ya kwanza, ya siri, iliwagharimu hivi. Cherehani ya Bibi, ambayo haikurudi. Mishahara ya miezi mitano, ambayo bosi alilipa miwili tu. Kovu la mkono wa kushoto, kutoka kifundo mpaka kiwiko. Mjomba Tiketi hajakamatwa. Na pacha mdogo, ambaye sasa yuko darasa la tatu, kila mama yake akichukua kapu la sokoni husimama mlangoni na kumzuia kwa mikono miwili.

"Unakwenda nyumba gani?" humuuliza.

Hamwachi apite mpaka amtajie.