Mfungo wa Siri wa Ravneet

Kila asubuhi mama yake Ravneet alikaanga chapati zilizojazwa viazi, akazipaka siagi nyeupe. Ravneet alikula mbili, akasuka nywele zake ambazo hazijawahi kuonja mkasi, kisha akampitia jirani yake Pallavi waende shule, pale kijijini nje ya mji wa Moga.

Wiki ile Pallavi, ambaye ni Mhindu, alikuwa amefunga kwa ajili ya sikukuu ya Mama Durga, mungu wao wa kike. Wiki hiyohiyo timu yao ya wasichana ilikuwa inacheza fainali ya kabadi.

"Na wewe je, Ravneet?" Kanchan, nahodha wao, alimtania mazoezini. "Ninyi Masingasinga mnajua kula tu! Kufunga hamuwezi hata nusu siku!"

Wenzake wakaangua kicheko. Maneno yale yalimchoma Ravneet kama mwiba.

"Mtaona!" akajibu.

Asubuhi ya fainali, mama alipogeuka tu, Ravneet alimtupia ng'ombe chapati zake.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

Hata maji hakugusa. Alijua kufunga ni kufunga.

Katika kabadi, mshambuliaji huvuka mstari, humgusa mpinzani na kurudi kwao kwa pumzi moja, huku akitamka "kabadi, kabadi" bila kukatisha. Hakuna aliyemshinda Ravneet kwa pumzi. Lakini siku hiyo koo lilimkauka kama jivu. "Kabadi, kaba..." Sauti ikakatika, wapinzani wakamdaka. Alipoinuka, uwanja ukamzunguka, akaanguka chini pu!

Mama alipasua umati wa watazamaji. "Mwanangu! Una nini?"

"Nimefunga, mama. Kama Pallavi."

"Kama mimi?" Pallavi alitoa macho. "Mimi nimeacha nafaka tu; maziwa nimekunywa, ndizi na viazi nimekula! Bibi yangu ndiye asiyekunywa hata maji, lakini umemwona bibi akicheza kabadi?"

Kanchan aliinamisha kichwa. "Nilikuwa natania tu, jamani. Nisamehe, Ravneet."

Mama alimnywesha maji ya ndimu yenye sukari na chumvi kidogo. Pallavi akammenyea ndizi. Mwalimu wao wa michezo akamweka kivulini karibu kipindi chote cha pili, asimruhusu kuinuka mpaka macho yalipochangamka.

Timu zilikuwa sare. Limebaki shambulio moja.

"Naweza, mwalimu," alisema Ravneet.

Akavuka mstari. "Kabadi, kabadi, kabadi..." Akamgusa wa kwanza, akamgusa wa pili! Wa tatu akamng'ang'ania mguu. Ravneet akajikokota mchangani, sauti haikatiki, akanyoosha mkono hadi vidole vikavuka mstari.

Wameshinda! Ngoma zikalia, Kanchan akambeba mgongoni, uwanja mzima ukaimba jina lake.

Mama alipompata, alimkumbatia kwa nguvu, akawatazama wasichana wote.

"Furahini wanangu, mmestahili. Lakini leo moyo wangu ulisimama. Pallavi amefunga kwa hiari yake, na nyumbani kwao wanajua anakula nini. Sisi Masingasinga dini yetu haikutuwekea mfungo. Imetufundisha kula kwa shukrani na kumgawia mwenzetu. Mtu akitaka kufunga, ni yeye na Mungu wake. Ila mtoto asifunge kwa kufichaficha, wala kwa sababu kachekwa. Mfungo wa kumkomoa mwenzako hauna thawabu, mwanangu. Hiyo ni njaa tu, na njaa haichagui dini."